Nguzo ya Arobaini na Saba

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za stoo ya Korogwe pamoja na kofia ngumu mbili, moja ikiwa haijawahi kuvaliwa na mtu. Vijana wa ofisini waliniaga kwa chai na maandazi, kisha wakaniomba niandike ninayoyajua kuhusu njia ya kebo kati ya Korogwe na Handeni, kwa sababu wanasema mengine hayamo kwenye kompyuta. Ni kweli hayamo. Mengine hayamo kwa sababu mimi ndiye niliyeacha kuyaandika, na hilo nitalieleza mahali pake. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Waliopanda vyeo wanajijua, nasi wengine tulizoea kuwabebea mikoba.

Nilishuka kutoka Bumbuli enzi za waya wa shaba, simu zikipita juu ya nguzo za mbao kando ya reli. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Fundi Semboja, Mzigua mfupi, mkavu, mwenye daftari dogo lililofungwa kwa ukanda wa mpira. Nilitegemea atanipa koleo la kukatia waya. Akaniambia nitembee kwa miguu kutoka Korogwe hadi Hale, nihesabu nguzo. Nilifika Hale jioni, miguu imevimba, nikampelekea hesabu yangu kwa furaha.

"Vizuri," akasema. "Zilizoinama ni ngapi?"

Sikuwa nimeangalia.

"Basi kesho rudi ukaziangalie. Leo umehesabu miti."

Kesho yake nikarudi. Zilizoinama zilikuwa kumi na moja, na mpaka leo naweza kukuonyesha mahali saba kati ya hizo zilipokuwa, ingawa nguzo zenyewe ziliishia kuwa kuni za watu zamani.

Semboja hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na neno moja alilolirudia hadi tukawa tunamwigiza nyuma ya mgongo wake. Alisema nguzo ni shahidi, na shahidi husimama pale tukio lilipotokea, hasimami penye kivuli. Alikuwa akilisema kila mtu alipotaka kusogeza nguzo kidogo ili aepuke mwamba au mzizi. Ukisogeza, andika umesogeza hatua ngapi na upande gani. Usipoandika, umemfundisha shahidi kusema uongo.

Kebo za nyuzi za kioo zilipokuja, Semboja alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Nakumbuka siku tuliyofungua kebo ya kwanza uani kwetu. Aliushika uzi mmoja, mwembamba kuliko unywele, akauelekeza kwenye jua, akauliza kama kweli huo ndio utakaobeba simu za Handeni nzima. Mwalimu aliyetoka Dar es Salaam akamhakikishia. Semboja akaurudisha mezani taratibu kama mtu anayemlaza mtoto mchanga, akasema, "Basi hiki nacho kifukiwe vizuri, maana hakiwezi kujitetea." Darasa la wiki mbili likawa limekwisha kwangu pale pale. Yaliyobaki yalikuwa jinsi ya kukata uzi kwa pembe iliyonyooka, jinsi ya kuuchomelea na mwenzake kwa mashine, na jinsi ya kukaa bila kupiga chafya.

Kazi ya kupanga njia inafanyika kwa miguu, hata mkiwa na picha za angani. Tulitembea kutoka Korogwe mjini kuelekea Handeni, mimi, Semboja na wapima wawili, tukipigilia vigingi. Picha ya angani haitakuambia kwamba udongo huu mweusi hupasuka kiangazi na kuvuta bomba la kebo, wala kwamba daraja hili dogo magreda huligonga kila mwaka. Haikuambii pia kwamba mwenye shamba hili ana ugomvi na mwenye shamba lile. Hayo unaambiwa ukisimama kuomba maji ya kunywa, na ndiyo maana sikuwahi kubeba maji mengi.

Sehemu kubwa ya njia ilifuata hifadhi ya barabara. Upande wa Misima kulikuwa na korongo pana, na ukingo wake karibu na barabara ulikuwa ukimomonyoka kila masika. Ilibidi tuache barabara, tuingie mashambani mpaka mahali ambapo korongo linabanwa na miamba, tulivukie hapo. Njia hiyo ilipita kati ya mashamba mawili. La kulia, ukielekea korongoni, lilikuwa la mjane aitwaye Mama Mwanaidi, aliyekuwa amepanda michungwa. La kushoto lilikuwa la jirani yake, Mzee Ngoda, mkulima wa mahindi. Katikati yao palikuwa na mstari wa minyaa uliokuwa mpaka wao tangu enzi za baba zao.

Mwenyekiti wa kijiji alituitia wote wawili. Tulikuwa tumejiandaa kubembeleza, lakini Mama Mwanaidi alitumaliza kwa sentensi moja.

"Pitisheni mpakani, penye minyaa," akasema. "Nusu mtaro kwangu, nusu kwa Mzee Ngoda. Hakuna atakayemlaumu mwenzake."

"Na minyaa?" Semboja akamuuliza. "Tutaikata mizizi, mama. Itakufa."

Mzee Ngoda akacheka. "Ikifa, kebo yenu ndiyo itakuwa mpaka. Hiyo hata mbuzi hali."

Mwenyekiti akaandika kwenye kaunta buku lake kwamba mpaka wa mashamba hayo mawili ni pale ilipolala kebo, wote wakaweka dole gumba. Mimi nilifurahi sana. Nilikuwa sijawahi kuona makubaliano ya ardhi yanayomalizika kabla ya chai kupoa.

Semboja alistaafu kabla mtaro haujafika Misima, akaenda Hale kulima ndizi. Usimamizi wa kufukia na kusimika nguzo za alama ukabaki kwangu. Kwa asiyejua, hizi ni nguzo fupi za zege, zenye namba, zinazosimikwa juu ya kebo ili mtu ajue chini kuna kitu. Ni nzito kuliko zinavyoonekana, na hakuna anayekumbuka kuzipeleka mapema.

Nguzo ya arobaini na saba ilikuwa ya mpaka wa Mama Mwanaidi na Mzee Ngoda. Tulifika nayo siku ya Ijumaa, saa tano na nusu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na udongo tuliofukia mtaroni ulikuwa bado uji. Tukaisimika, ikalala. Tukaisimika tena tukaishindilia mawe, ikalala upande mwingine, na Mama Mwanaidi aliyekuwa akipalilia michungwa yake akatucheka kwa sauti. Vibarua wangu karibu wote walikuwa Waislamu na walitaka kuwahi msikitini. Walikuwa na haki yao. Muda mbaya niliupanga mimi. Nikatazama, nikaona kando kidogo kichuguu cha mchwa chenye udongo mgumu, ndani ya shamba la Mama Mwanaidi. Nikaamuru nguzo isogezwe pale. Ikasimama kama askari. Nikasema nitaandika umbali baada ya chakula.

Chakula chenyewe kilikuwa ugali na mlenda, na alikileta Mama Mwanaidi mwenyewe. Vibarua walirudi kutoka msikitini, tukala, tukapiga soga, tukapanda gari. Sikuandika. Wiki mbili baadaye, nikiwa mezani Korogwe, nilichora mstari ulionyooka, nikaweka nguzo zote juu yake, ya arobaini na saba ikiwemo, nikatia sahihi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kukarabati na kuangalia. Kijana anayeanza leo anakaa mbele ya kioo kinachomwambia kebo imekatika wapi, naye anaamini. Mimi pia niliamini, hadi siku mashine ya kupimia iliponiambia kebo imekatika karibu kilomita moja mbele ya mahali ilipokatika kweli. Tulichimba mashimo matatu kwenye shamba la muhogo la mtu mpole sana. Kumbe mashine inapima urefu wa uzi, haipimi urefu wa barabara. Katika kila chemba, lile shimo la zege tunamounganishia kebo, tumeacha mizunguko ya akiba, na uzi ule wote unahesabiwa. Jumlisha mizunguko ya kila chemba kutoka Korogwe, uitoe, ndipo uanze kutembea. Nimeyaandika haya ukutani kwa kalamu ya rangi nyekundu, juu ya swichi ya taa. Msiyafute mkipaka rangi.

Kisa kingine ni cha korongo hilo hilo la Misima. Kiangazi kimoja wafugaji wa Kimaasai walichimba kisima kwenye mchanga wa korongo ili wanyweshe ng'ombe. Walipofika usawa wa mapaja wakaukuta utepe wetu wa tahadhari, ule wa rangi ya chungwa tunaoutandaza juu ya kebo. Wakaacha kuchimba, wakamtuma mtu kwa pikipiki hadi Handeni kutoa taarifa. Mwaka huo huo mkandarasi mwenye mashine ya mamilioni aliukuta utepe kama ule karibu na Korogwe, akauchana, akaendelea. Tangu siku ile sijawahi kumdharau mtu kwa sababu ya fimbo anayoshika, na utepe ule nimeuheshimu kuliko nguzo. Utepe umefukiwa pamoja na kebo, hauwezi kusogezwa na mtu anayewahi chakula.

Sasa nije kwenye lile nililoliahirisha. Mzee Ngoda alifariki. Minyaa ilikuwa imekufa zamani, kama tulivyotabiri, na yule mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekwishahamia kwa watoto wake Morogoro. Shamba likarithiwa na mwanawe, Athumani, aliyerudi kutoka Dar es Salaam akitaka kulima ufuta. Athumani hakuwa mtu mbaya. Alifungua kaunta buku la kijiji, akasoma kwamba mpaka ni kebo. Akaenda shambani, akaona nguzo ya kampuni yenye namba imesimama kwenye kichuguu. Kwa watu wetu zege ni bikoni, jiwe la mpaka la wapima ardhi, na bikoni ni serikali. Kati ya nguzo ile na mwisho wa pale Mama Mwanaidi alipokuwa akilima miaka yote palikuwa na safu ya michungwa tisa iliyoanza kuzaa sana. Athumani akasema mjane amevuka mpaka kipindi baba yake akiumwa.

Baraza la ardhi la kijiji likaandika barua ofisini kwetu kuuliza kebo imelala wapi. Barua ikaletwa mezani kwangu, kwa kuwa michoro ilikuwa chini yangu. Nilifungua kabati, nikatoa mchoro, nikaona nguzo ya arobaini na saba imekaa juu ya mstari wa kebo. Nikaandika majibu: kebo imepita chini ya nguzo. Meneja akatia sahihi, muhuri ukagongwa, nakala ya mchoro ikaambatanishwa. Nilijisifu kwamba nimejibu barua siku ile ile ilipofika. Hata jina la Misima halikunishtua.

Siku chache baadaye mlinzi akaniambia kwamba kuna bibi nje ananitafuta. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, ameshika nakala ya mchoro wangu iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Zakayo wa kebo?"

"Ndiye mimi."

"Umenenepa." Akaninyooshea karatasi. "Hii inasema mimi nimeiba shamba la marehemu Ngoda. Sahihi wameniambia ni yako."

Nikaanza kumweleza habari za mchoro, kwamba mchoro hauangalii mtu, unaonyesha tu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Mimi michoro siijui. Nakuuliza kitu kimoja. Siku ile nguzo ililala mara mbili, nikawacheka. Ililala wapi?"

Ndipo nikaiona siku ile yote: uji wa udongo, vibarua wakitazama jua, kichuguu, sahani ya mlenda. Nikakaa naye pale pale kwenye ngazi.

"Baraza linakaa Jumatano," akasema. "Wakishaamua, Athumani anakata michungwa. Anasema ufuta hautaki kivuli. Ile michungwa niliipanda na baba Mwanaidi, mwanangu. Yeye alichimba mashimo, mimi nikabeba maji kutoka korongoni."

Hakulia. Aliniomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda kituo cha mabasi.

Naandika wazi nilichokifikiria, kwa sababu na ninyi mtakifikiria siku moja. Nilifikiria kunyamaza. Mchoro ule ulikuwa umekaguliwa na kupokelewa kwa sahihi yangu. Kukiri kwamba nguzo moja ni ya uongo ni kuwafanya watu waulize ngapi nyingine. Nilikuwa na watoto wawili sekondari. Nilikuwa naogopa, tena sana.

Kesho yake nikaenda Hale kumwona Semboja. Nilimkuta akikata majani makavu ya migomba. Nilimsimulia kila kitu, hakuacha kukata.

"Umbali uliuandika wapi?" akaniuliza.

"Sikuuandika, mzee."

"Basi kauandike."

"Watanifukuza kazi."

"Wakikufukuza njoo tulime ndizi. Lakini kauandike kwanza."

Akanipa mkungu mmoja nimpelekee mke wangu, na hiyo ndiyo ikawa pole yake.

Meneja alinisikiliza akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilipenda karatasi. "Barua imetoka na muhuri," akasema. "Siwezi kuandika ya pili kusema ya kwanza ilikuwa uongo kwa sababu bibi mmoja anakumbuka alicheka. Nenda ukachimbe. Kebo ikionekana pale unaposema, nitaandika. Isipoonekana, au ukiikata, usirudi kwenye meza ile." Kebo ile ilibeba mawasiliano ya Handeni yote, hospitali na benki pamoja. Nikachukua chepe, jembe na futi ya kupimia. Sururu niliiacha makusudi. Sururu haina adabu karibu na kebo.

Jumatano baraza lilikutana shambani penyewe. Walikuwepo wazee watano wa baraza, wanawake wawili kati yao, na watu wengi waliosema wanapita tu. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Bi Zaina, mwalimu mstaafu, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilisimama nikasema barua ya ofisi ilikuwa na kosa na kosa ni langu. Nguzo niliisogeza, kebo iko hatua sita kuelekea kwa Athumani.

Athumani akasimama. "Shikamooni wazee wangu. Mimi naomba kuuliza. Barua ni ya kwao, muhuri ni wa kwao, sahihi ya mchoro ni ya huyu huyu fundi. Leo anakuja na jembe anasema tusiamini sahihi yake. Sasa jembe lake tuliamini kwa nini?"

Watu wakacheka, na swali lilikuwa zuri.

"Usiliamini," nikasema. "Simama hapa uangalie."

Nilianza chini ya nguzo yenyewe, ili kusiwe na shaka. Nikachimba hadi kiunoni. Udongo wa kichuguu mtupu, haujawahi kuguswa, na mchwa waliokasirika. Bi Zaina akainama akachungulia, akaandika. Kisha nikaanza kuchimba mtaro mwembamba kutoka kwenye nguzo kuelekea upande wa Athumani, nikikata kwa jembe na kutoa kwa chepe. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Michungwa ilikuwa inatupa kivuli, na mizizi yake ilinichelewesha. Hatua ya nne. Ya tano. Ya sita nikapunguza nguvu, nikachimba kwa upole, nikafika kina ambapo utepe ulipaswa kuwepo.

Hapakuwa na kitu.

Nikapanua shimo. Hakuna. Jasho lilikuwa linaingia machoni, na nilisikia watu wameanza kuzungumza mambo yao.

"Fundi," Athumani akasema, "tuendelee mpaka Handeni mjini?"

Nilisimama ndani ya shimo, nikahesabu tena hatua kwa macho, nikajua kwamba kama nimekosea na hili, basi nimemmaliza mama wa watu mara mbili. Nilimtazama. Alikuwa amekaa kwenye gogo, kanga mapajani.

"Chimba, mwanangu," akasema. "Siku ile ulikuwa na haraka. Mtu mwenye haraka ana hatua ndefu."

Nikachimba. Katika hatua ya saba udongo ukabadilika, ukawa laini, wenye mawe madogo yale tuliyoshindilia. Nikaweka jembe pembeni nikatumia mikono. Utepe wa rangi ya chungwa ukaonekana, umekunjamana, maandishi yake bado yanasomeka. Kumbe hata kumbukumbu yangu ilikuwa imempunja hatua moja.

Sikuita mtu. Athumani alishuka mwenyewe shimoni, akaufuta udongo kwa kiganja, akasoma kwa sauti: tahadhari, kebo chini.

"Baba alikuwa akisema mpaka ni minyaa," akasema. "Mimi nilipoona zege, niliamini zege. Nisamehe, mama."

"Zege lilisimamishwa na huyu," Mama Mwanaidi akajibu, akininyooshea kidole. "Wewe ulisoma tu."

Bi Zaina akafunga daftari, akatangaza mpaka ni utepe. Athumani akachukua chepe langu, tukafukia pamoja. Alifukia vizuri, kwa tabaka.

Meneja aliandika barua ya pili, kama alivyoahidi. Aliandika na ya tatu, iliyoniletea onyo na kuniondoa kwenye michoro kwa mwaka mzima. Nikarudishwa kutembea njia kwa miguu. Ilikuwa adhabu, lakini nilikuwa na jembe na daftari dogo, na nilikuwa na la kufanya. Kila nguzo niliyoisimika mimi nilianza kuifukua pembeni, kutafuta utepe, kupima, kuandika. Nne nyingine zilikuwa si za kweli, ingawa hakuna iliyozidi hatua mbili. Kila niliporudi Korogwe nilipitia Hale kumsomea Semboja. Alikufa katikati ya kazi hiyo, nikiwa nimebakiza kama nusu. Nililia kwenye maziko yake kuliko nilivyomlilia baba yangu, na sioni aibu kusema.

Tulimwaga zege la nguzo mpya ya arobaini na saba, tukaisimika juu ya utepe. Ile ya zamani ilipong'olewa, dereva alitaka kuitupa korongoni. Mama Mwanaidi akamzuia. Akataka ilazwe mlangoni pa jiko lake, namba ikiwa juu. Tangu hapo kila nilipopita Misima kikazi, hata nikiwa na wageni kutoka makao makuu, alinionyesha mahali pa kukaa.

"Wageni wakae kwenye viti," alikuwa akisema. "Wewe Zakayo kaa kwenye uongo wako, chai inakuja."

Nami nilikaa. Ni baridi, hasa asubuhi.

Mwezi uliopita, nilipokwisharudisha funguo, nilikwenda kumuaga. Macho yake sasa hayaoni vizuri, lakini alinitambua kwa mwendo. Nikakaa mahali pangu. Akanipa machungwa mawili ya safu ile ile, akaniuliza habari za nyumbani, nami nikamwambia nimestaafu.

"Alhamdulillahi. Na zile nguzo nyingine, ulizipima zote?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua.

"Zimebaki tatu, mama. Kazi nyingine ziliingilia."

Alikuwa akimenya chungwa lake taratibu kwa kisu.

"Sasa unastaafu vipi?"

Swali hilo ndilo hasa lililonifanya niandike haya, maandazi yenu nayo nikiyashukuru. Ni nguzo ya kumi na tisa, ya sitini na mbili na ya themanini na nane. Kwenye mchoro zimekaa juu ya kebo, kwa mkono wangu. Msiziamini bado. Jumatatu asubuhi naanza na ya kumi na tisa, jembe ninalo. Naomba ofisi iniruhusu kuchimba, na mmoja wenu aje na daftari, kwa sababu sahihi yangu haifanyi kazi tena, na hatua hizo lazima ziandikwe na mtu.